Ukaguzi wa faili seva inapowaka: diski pacha zinaonekana nzima, lakini fsck (programu ya kukagua mfumo wa faili) leo inasema safi na kesho inasema makosa

Mtunza_Daftari anauliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninatunza seva ya chama kidogo cha akiba na mikopo. Inaendeshwa na Debian 12 na ina diski mbili za terabaiti 1 kila moja, zilizofungwa pamoja kwa mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski) katika RAID 1, hivyo kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa pia kwenye pacha wake. RAID kuu ni mbili: /dev/md0 imebeba mfumo wa uendeshaji, na /dev/md1, iliyo kubwa zaidi, imebeba faili za hesabu pamoja na fomu za wanachama zilizoskaniwa. Zote zina mfumo wa faili wa ext4.

Usiku mmoja umeme ulikatika wakati betri ya UPS ilikuwa imeshachoka, na asubuhi yake seva haikuwaka hadi mwisho. Ilisimama katika hali ya dharura ikidai nenosiri la root, na kwenye skrini palikuwa na maneno "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY" yakiitaja /dev/md1. Fundi tuliyemwita aliiwasha kwa flashi yenye Linux ya uokoaji, akaendesha ukaguzi, akakubali kila sahihisho lililopendekezwa, na seva ikawaka vizuri. Tulidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Kila baada ya muda keneli (kiini cha Linux) huandika kosa la EXT4 katika kumbukumbu zake. Seva ikiwashwa upya ukaguzi hulazimishwa, makosa husahihishwa, kisha baada ya siku chache hujitokeza mengine. Linalonitatiza zaidi ni kwamba nikiiondoa /dev/md1 kwenye matumizi na kuendesha fsck.ext4 -fn mara mbili mfululizo, pasipo kuandika chochote katikati, majibu hayalingani. Inode (rekodi za maelezo ya kila faili) zinazolalamikiwa mara ya kwanza si zile za mara ya pili, na kuna wakati ukaguzi ulimalizika bila lalamiko lolote.

Wakati wote huo /proc/mdstat inaonyesha [UU], maana yake diski zote mbili zimo kazini. Smartctl haioni sekta mbovu, kebo za SATA nimebadilisha, na kumbukumbu ya RAM nimeipima usiku kucha kwa memtest86+ bila kosa. Naomba kuelewa mambo mawili. Je, inawezekanaje RAID ijione nzima huku mfumo wa faili ulio juu yake ukiwa na majibu mawili tofauti? Na je, ni busara kuzima ukaguzi wakati wa kuwaka, ili angalau watumishi wasifike asubuhi na kukuta seva imekwama?

Kijana_wa_Kebo anajibu:

Pole, ndugu. Ukaguzi unaweza kuzimwa bila taabu. Katika /etc/fstab kila mstari una safu sita, na ya mwisho ndiyo inayohusika: namba 1 huwekwa kwa mfumo wa mizizi ili ukaguliwe kwanza, namba 2 kwa mifumo mingine, na 0 maana yake usikaguliwe. Ukitaka kuzima kwa mara moja tu bila kugusa faili hiyo, ongeza fsck.mode=skip katika mstari wa keneli ndani ya GRUB, programu inayowasha Linux. Kuhusu majibu yasiyolingana, nadhani pacha zako zimeachana kidogo. Andika neno repair ndani ya /sys/block/md1/md/sync_action, na RAID itazisawazisha yenyewe.

Mzee_wa_Terminali anajibu:

Ndugu Mtunza_Daftari, nakuomba usifanye lolote kati ya hayo kwa sasa, hasa hilo la repair. Kijana_wa_Kebo amegusa penyewe aliposema pacha zimeachana, ila dawa aliyoitaja inaweza kuiandika nakala mbovu juu ya nakala nzima.

Kabla sijasema zaidi, tuletee mambo matatu. La kwanza ni majibu ya mdadm --detail /dev/md1, na ninachotaka kukiona humo ni mstari wa Version. La pili, andika neno check, wala si repair, ndani ya sync_action, subiri RAID imalize kujisoma, kisha tuambie namba iliyomo katika /sys/block/md1/md/mismatch_cnt. Kazi hiyo inasoma tu na kulinganisha, haisahihishi. La tatu ndilo muhimu kuliko yote: fundi aliendesha amri gani hasa, na juu ya kifaa gani? Sitafuti wa kulaumiwa. Nataka kujua kama alikagua /dev/md1 au alikagua patisheni mojawapo iliyo chini yake.

Mtunza_Daftari anajibu:

Ahsante, Mzee. Mstari wa Version unasema 1.0, hali ni clean, na kuna bitimapu ya ndani (ramani ya sehemu zinazoandikwa). Baada ya check kumalizika, mismatch_cnt inasoma 14848. Kuhusu amri, fundi alituachia karatasi ya kazi yenye picha za skrini, na katika mojawapo inasomeka waziwazi: fsck.ext4 -y /dev/sda2. Patisheni za /dev/md1 ni sda2 na sdb2.

Mzee_wa_Terminali anajibu:

Basi chanzo kimepatikana, na nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kinawapata wengi na hakiachi alama katika kumbukumbu yoyote ya mfumo.

RAID ya Linux huweka maelezo yake katika kipande kidogo kiitwacho supabloku, ndani ya kila patisheni mwanachama. Mahali kipande hicho kinapokaa hutegemea toleo la metadata. Katika toleo la 1.2, ambalo mdadm hulitumia lenyewe usipoliambia vingine, kipande hicho kiko karibu na mwanzo, baiti 4096 kutoka mwanzo wa patisheni, na data huanza mbele zaidi. Katika toleo la 0.90 na la 1.0 kipande hicho kiko mwishoni. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa: katika toleo la 1.0 mfumo wa faili huanza pale pale patisheni inapoanzia, hivyo programu inayoitazama sda2 peke yake huona ext4 kamili, yenye afya, isiyo na dalili yoyote ya kuwa nusu ya jozi. Zamani watu walilipenda toleo hilo kwa sababu hiyo hiyo, maana programu za kuwasha kompyuta za wakati huo hazikuijua RAID na ziliweza kuisoma patisheni moja kana kwamba ni ya kawaida.

Sasa fikiria fundi alivyokuwa. Linux ya kwenye flashi haikuwa imeikusanya RAID. Kama ingekuwa imeikusanya, sda2 ingekuwa imeshikwa na md (sehemu ya keneli inayoendesha RAID), na fsck.ext4 ingekataa kuigusa ikisema inatumika. Kama metadata ingekuwa ya 1.2, fsck.ext4 isingeikuta supabloku ya ext4 (kipande cha maelezo ya mfumo wa faili wenyewe) mahali inapoitafuta na ingekataa pia. Kwako milango yote miwili ilikuwa wazi. Ukaguzi ukaingia, ukasahihisha, ukaandika mabadiliko yake kwenye sda2 pekee, na sdb2 ikabaki ilivyokuwa.

Seva ilipowaka tena, md ilizitazama supabloku zake mbili, ikakuta hesabu ya matukio inalingana na zote zimeandikwa kuwa safi, ikazipokea. Haikuwa na sababu ya kushuku, kwa kuwa haikuwepo wakati sda2 inaandikwa. Hapa ndipo [UU] inapowadanganya watu: herufi hizo zinasema diski zote mbili zinaitika, hazisemi kwamba yaliyomo yanafanana. Bitimapu nayo hukumbuka tu sehemu ambazo md yenyewe ilikuwa inaziandika umeme ulipokatika, na sehemu hizo bila shaka zilishasawazishwa mara ile seva ilipojaribu kuwaka na kukwama.

Kwa nini basi majibu yanabadilika? RAID 1 huandika kwenye diski zote lakini husoma kutoka moja tu, na huchagua ya kusoma kwa kuangalia ipi haina kazi au ipi kichwa chake kiko karibu na kinachotakiwa. Fsck ni kama mkaguzi wa hesabu anayeletewa kurasa na karani mwenye madaftari mawili yanayotofautiana: ukurasa wa kumi unatoka daftari hili, wa kumi na moja unatoka lile, na mkaguzi hajui kwamba madaftari ni mawili. Kesho karani atachanganya kwa namna nyingine, na makosa yatakuwa mengine. Kila ukaguzi unaposahihisha, sahihisho lenyewe huandikwa pande zote mbili, lakini vile vipande ambavyo haukuvigusa hubaki vinatofautiana. Ndiyo maana kila safari unakuta kosa jipya.

Namba 14848 usiihesabu kuwa idadi ya makosa. Huhesabiwa kwa sekta, na katika RAID 1 hupanda kwa mafungu ya sekta 128, hata kama ndani ya fungu ni baiti moja tu iliyotofautiana. Kwako hayo ni mafungu 116. Pia si kila tofauti ni balaa, kwani RAID 1 iliyobeba swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) huweza kuonyesha tofauti kidogo zisizo na madhara, kwa kuwa ukurasa wa kumbukumbu unaweza kubadilika wakati uko njiani kwenda diski mbili. Lakini /dev/md1 yako haina swap, na fsck imelalamika. Hizi ni tofauti za kweli.

Kuhusu repair: katika RAID 1 yenye pacha wawili, md ikikuta vipande viwili visivyofanana haina njia ya kujua kipi ni sahihi. Huchukua kimoja na kukinakili juu ya kingine, basi. Baada ya hapo mismatch_cnt itakuwa sifuri na majibu ya fsck yatatulia, lakini huenda umetuliza upande mbovu. Uamuzi wa pacha yupi aaminiwe lazima ufanywe na mtu aliyezitazama faili.

Binti_wa_Linux anajibu:

Nakubaliana na Mzee kwa yote, naongeza namna ya kuzitazama hizo pande mbili bila kuharibu ushahidi, kwa sababu hatua hii ina mitego.

Kwanza kabisa, kaka, nakili faili zote za /dev/md1 kwenye diski ya nje jinsi zilivyo sasa, hata kama unajua baadhi zina kasoro. RAID si nakala rudufu. Inakukinga na diski kufa, haikukingi na amri iliyoandikwa vibaya wala na mfumo wa faili uliochafuka.

Kisha iondoe /dev/md1 kwenye matumizi, isimamishe kwa mdadm --stop /dev/md1, na uzifunge patisheni zote mbili zisiandikike: blockdev --setro /dev/sda2, na vivyo hivyo kwa sdb2. Watu wengi huiruka hatua hii wakidhani kufungua kwa kusoma tu kunatosha. Hakutoshi. Ext4 ikifunguliwa kwa ro bado huweza kuandika, kwa sababu ikikuta daftari lake la mabadiliko lina miamala isiyomalizika huikamilisha kwanza ndipo ifunguke.

Baada ya hapo endesha e2fsck -fn (ndiyo ile ile fsck.ext4) kwenye sda2, kisha kwenye sdb2, na uhifadhi majibu ya kila upande katika faili yake. Safari hii majibu yatatulia, kwa kuwa kila ukaguzi unasoma diski moja tu. Tazama makosa yanatokea katika awamu ipi. Ukaguzi wa ext4 una awamu tano: ya kwanza hutazama inode na vipande vyake, ya pili muundo wa saraka, ya tatu kama saraka zote zinafikika kutoka kwenye mzizi, ya nne hesabu za viungo, ya tano jumla za nafasi zilizo wazi katika kila kundi. Makosa ya awamu ya tano pekee ni hesabu zisizolingana, na kwa kawaida hayagusi yaliyomo kwenye faili. Makosa ya awamu ya kwanza, hasa yale yanayosema kipande kimoja kinadaiwa na faili mbili, ndiyo ya kuogopwa.

Sasa zifungue zote mbili uzilinganishe: mount -t ext4 -o ro,noload /dev/sda2 /mnt/a, na sdb2 kwenye /mnt/b. Usiache -t ext4, maana bila hiyo mount huitambua patisheni kuwa mwanachama wa RAID na kukataa. Neno noload ndilo linalozuia daftari la mabadiliko lisiguswe. Halafu: rsync -nrc --delete -i /mnt/a/ /mnt/b/. Herufi n inazuia kuandika, c inalazimisha yaliyomo yasomwe na kulinganishwa badala ya kutegemea ukubwa na tarehe. Itachukua muda mrefu kwa kuwa inasoma kila faili pande zote, lakini mwishoni utakuwa na orodha ya majina ya faili zinazotofautiana, na hapo utaweza kuzifungua moja moja na kuamua.

Usitarajie kwamba upande mmoja utakuwa safi kabisa. Tangu siku ile fundi alipokagua, seva imeendelea kuandika pande zote mbili ikitegemea ramani za nafasi ilizozisoma mara huku mara kule, kwa hiyo huenda faili mpya imewekwa mahali ambapo upande mmoja ulidhani pako wazi na kumbe pana mwenyewe. Unachagua wenye madhara machache.

Mtunza_Daftari anajibu:

Dada Binti_wa_Linux na Mzee, nimefuata hatua hizo na majibu yametulia kama mlivyosema. Sdb2 inalalamika katika awamu ya tano pekee, kuhusu hesabu za vipande vilivyo wazi. Sda2 ina makosa katika awamu ya kwanza, ya pili na ya nne, na saraka yake ya lost+found, ambako fsck huweka faili zilizopoteza majina, ina vipande vingi vyenye majina ya namba tu. Orodha ya rsync si ndefu: nyingi ni fomu zilizoskaniwa, na nilizozifungua upande wa sdb2 zinasomeka, ilhali upande wa sda2 picha zinakatika katikati. Faili za hesabu zenyewe zinafanana pande zote.

Nimeridhika kwamba sdb2 ndiyo ya kuaminiwa. Je, naweza sasa kuikusanya RAID na kuiondoa sda2 kisha kuirudisha?

Mzee_wa_Terminali anajibu:

Ndiyo, ila angalia namna ya kuirudisha, kwani ukiirudisha kwa njia ya mkato utajikuta pale pale ulipoanzia.

Ondoa mifumo yote miwili pale /mnt na ufungue kufuli kwa blockdev --setrw. Usiikusanye RAID kwa pacha wote. Kwanza futa kitambulisho cha sda2: mdadm --zero-superblock /dev/sda2. Hakikisha kwa macho yako kwamba umeandika sda2 wala si sdb2, kwa sababu majina haya hugawiwa upya kila seva inapowaka. Linganisha namba ya usajili ya diski kwa smartctl -i kabla ya kubonyeza. Kisha kusanya RAID kwa pacha mmoja: mdadm --assemble --run /dev/md1 /dev/sdb2. Itawaka ikiwa na upungufu, na ndivyo tunavyotaka. Endesha fsck.ext4 -f /dev/md1 mpaka iseme safi, fungua, jaribu faili chache. Ndipo uongeze: mdadm /dev/md1 --add /dev/sda2.

Sababu ya kufuta kitambulisho ni bitimapu. Ungeiondoa sda2 na kuirudisha bila kukifuta, mdadm ingeitambua kuwa mwanachama wa zamani, ingesoma bitimapu, na ingenakili sehemu chache tu zilizoandikwa wakati haipo. Zile tofauti 116 zingebaki mahali pake, na [UU] ingerudi kwa sekunde chache ikikupa matumaini ya uongo. Kitambulisho kikifutwa, md huiona sda2 kuwa diski ngeni na kuinakilia kila kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa diski ya kuzunguka ya terabaiti 1 tarajia saa mbili au zaidi, na zaidi sana kama watu wanaitumia seva wakati huo, kwa kuwa md huwapisha watumiaji.

Nikirudi kwenye swali lako la pili. Sikubaliani na kuzima ukaguzi, lakini pia sidhani unafanya kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Mifumo ya ext4 iliyoundwa kwa e2fsprogs (programu za kutunza ext4) za toleo la 1.42 kuja mbele haikaguliwi kikamilifu kwa kuhesabu siku wala mara za kufunguliwa, isipokuwa uagize kwa tune2fs. Kinachofanyika kila asubuhi ni kitu chepesi: daftari la mabadiliko linakamilishwa kama umeme ulikatika, na alama ya makosa inatazamwa. Keneli ikiwa imekutana na kosa wakati wa kazi huacha alama hiyo katika supabloku, na hapo tu ndipo ukaguzi mzima hulazimishwa. Kwa hiyo ukiweka 0 katika safu ya sita, humwondolei mtu yeyote kero ya kila siku. Unaizima kengele inayolia wakati wa hatari peke yake. Kwako ililia mara kwa mara kwa sababu hatari ilikuwepo.

Hofu yako ya watumishi kukuta seva imekwama ina njia nyingine. Mstari wa /dev/md1 katika fstab uongezee nofail. Ukaguzi wa patisheni hiyo ukishindwa, seva itawaka bila faili za hesabu, lakini itawaka na ssh itafanya kazi, nawe utaweza kuitengeneza ukiwa nyumbani. Usifanye hivyo kama kuna programu inayojiandikia ndani ya saraka ile bila kujali kama patisheni imefunguka, la sivyo itajaza diski ya mfumo kimyakimya.

Kijana_wa_Kebo anajibu:

Nimejifunza, Mzee. Nina swali dogo linalohusiana: ZFS na Btrfs, zile aina nyingine za mfumo wa faili, hazina shida hii?

Binti_wa_Linux anajibu:

Zina namna nyingine ya kuikabili. Kila kipande kina muhtasari wake wa hesabu uliohifadhiwa kando, hivyo pacha wawili wakitofautiana mfumo unajua yupi anasema kweli, unamsoma huyo na kumsahihisha mwenzake. Kazi ya kukagua yote hufanywa kwa scrub huku mfumo ukiendelea kutumika, na wakati wa kuwaka hakuna ukaguzi wowote: fsck.btrfs ni programu isiyofanya kitu, imewekwa tu ili anayeiita asipate kosa. Kwa seva mpya ningechagua mojawapo. Kwa seva ya ndugu yetu, yenye data na watumiaji tayari, kuhama kwa sababu ya tukio hili ni kazi isiyo ya lazima.

Kwa mdadm unabaki na mambo mawili tofauti yasiyojuana. Check inalinganisha pacha kwa pacha lakini haijui faili ni nini. Fsck inajua faili lakini haijui kama kuna pacha. Debian huipangia check ya kila mwezi, Jumapili ya kwanza, na wengi hawajui hata kama ipo mpaka wasikie diski zinakoroma usiku. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma matokeo. Mwekee mdadm anwani ya barua pepe katika mstari wa MAILADDR ndani ya /etc/mdadm/mdadm.conf, na mismatch_cnt uisome mwenyewe kila check inapomalizika.

Mtunza_Daftari anajibu:

Natoa taarifa. RAID ilinakili sda2 yote usiku, na check niliyoiendesha baadaye imetoa mismatch_cnt ya 0. Fsck.ext4 -fn nimeirudia, na majibu ni yale yale: safi. Fomu chache ambazo hazikusomeka upande wowote nimezirudisha kutoka kwenye nakala ya mwisho wa mwezi, na betri ya UPS imebadilishwa. Juu ya kasha la seva nimebandika karatasi inayoeleza kwamba anayeiwasha kwa flashi aanze na mdadm --assemble --scan, na akague vifaa vya md pekee.

Limebaki jambo moja. Patisheni ya EFI, yenye programu za kuanzisha mfumo, nayo imewekwa katika RAID 1 ya metadata 1.0, na kila seva ikiwaka inakaguliwa kwa fsck.fat. Je, niiache?

Mzee_wa_Terminali anajibu:

Ningeivunja RAID hiyo. Iliwekwa hivyo ili programu ya ubao mama, isiyojua RAID, iweze kuisoma kila patisheni kama FAT ya kawaida, na kwa kusoma tu haina neno. Lakini programu hiyo inaruhusiwa pia kuandika humo, na ikiandika itaandika kwenye diski moja bila md kujua, yaani kisa kile kile cha sda2. Weka patisheni mbili za EFI zinazojitegemea, moja kwa kila diski, nakili yaliyomo kutoka ya kwanza kwenda ya pili kila GRUB inaposasishwa, na uiandikishe ya pili kwa efibootmgr ili seva iweze kuwaka hata diski ya kwanza ikifa. Katika fstab ya pili ipe noauto na 0 katika safu ya sita. Hapo namba hiyo ina mahali pake.